Siku Niliyopiga Picha kwa Kamera Tupu

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ningeamka na homa nikabaki kitandani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa kwa ajili ya safari, na shingoni nilining'iniza kamera ya mjomba wangu. Nilijiona nimefika. Kumbe nilikuwa nakwenda kutenda kosa ambalo limenifuata mpaka uzeeni, na wewe unayeanza leo unaweza kulitenda kabla hujamaliza mkanda wako wa kwanza.

Ngoja kwanza nikuambie kwa nini nalileta sasa. Miaka hii ya karibuni vijana mmeanza kunijia hapa Ilongero. Mnashuka kwenye bodaboda, shikamoo bibi, marahaba, halafu mnafungua mikoba na kutoa kamera ambazo mimi nilidhani zilishakufa zote. Mmoja kaiokota kwenye mitumba, mwingine kaikuta kwenye sanduku la babu yake. Mnaniuliza ukungu wa kwenye lenzi unatolewaje, mlango wa nyuma unaovujisha mwanga unazibwa na nini, mikanda siku hizi inaagizwa wapi. Nafurahi, sikufichi. Nikiishika mojawapo, nikavuta kile kishikio cha kusogezea mkanda kwa kidole gumba, nikasikia meno ya ndani yanakamata, nasahau kabisa kwamba magoti yananiuma.

Na lenzi za zamani zina raha yake. Ni nzito, ni chuma na kioo, unazungusha pete taratibu na uso wa mtu unatoka kwenye ukungu, unakuja, unakuja, hadi unaziona kope zake moja moja. Simu haikupi hiyo. Simu inakupa picha mia mbili za harusi moja ambazo hata bibi harusi mwenyewe hazitazami. Mkinuna mnune, lakini ndivyo ilivyo.

Ya kioo na mwanga nimewafundisha yote. Hili moja sijamwambia yeyote kati yenu, kwa sababu ya aibu tu.

Mjomba Hamisi, kaka yake mama yangu, alikuwa na studio ndogo Singida mjini. Mbele palikuwa na kiti na pazia lililochorwa maua, nyuma palikuwa na chumba cha giza alimosafishia picha kwa mikono yake. Alinichukua nilipomaliza darasa la saba, akanifundisha kila kitu, na hakuwahi kunifokea hata mara moja. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza, na ukimya wake ulitosha. Nyakati hizo mkanda wa picha ulikuwa adimu kama sukari. Ukitumwa kazi ulipewa mmoja, picha thelathini na sita, na hizo ndizo ulizorudi nazo.

Alikuwa pia na sharti ambalo wapiga picha wengine wa mjini walimcheka kwalo. Kati ya picha thelathini na sita, mbili za mwisho si zako wala si za aliyekuita. "Hizo ni za anayechelewa," alikuwa akisema. Aliniambia kwamba popote utakapokwenda yupo mtu mmoja, mara nyingi mzee, ambaye ameshinda siku nzima akijishauri. Anaona haya, anaenda, anarudi, na anapopata moyo wa kusogea wewe unafunga mkoba. Mimi niliitikia ndiyo mjomba, kama mnavyoniitikia ninyi, huku mawazo yakiwa kwingine.

Jumamosi hiyo alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa harusi, Nduguti. Nduguti ya wakati huo haikuwa na ofisi za serikali unazoziona leo. Ilikuwa kanisa, maduka machache, mashamba ya mtama na ng'ombe wakipita katikati ya barabara kwa nafasi zao. Nilifanya kazi nzuri, acha nijisifu kidogo. Niliwapanga watu, nikawapiga wazee wa pande zote mbili, nikampiga bibi harusi akilia na akicheka. Saa tisa nilikuwa nimepiga thelathini na nne.

Nyuma ya kanisa palikuwa na jiwe kubwa, yale mawe yetu ya Singida yaliyorundikana kama mtu kayapanga. Nikalitazama lile jiwe, nikalitazama gauni langu, nikaazima miwani ya jua ya mpambe wa bwana harusi. Nikapanda juu. Nikamwelekeza mpambe pa kubonyeza. Akanipiga moja nimeshika kiuno, akanipiga nyingine nimetazama mbali kana kwamba naona Dar es Salaam. Watoto wakapiga vigelegele. Nikashuka, nikazungusha mkanda ukarudi kwenye kikasha chake, nikautoa nikautia mkobani, nikafunga kamera ikiwa tupu. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi.

Ndipo nikamwona bibi mmoja anakuja na fimbo. Alikuwa ametoka kuoga, mikono yake inang'aa mafuta. Kanga zake zilikuwa mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Nyuma yake jirani mmoja alibeba kigoda. Niliambiwa anaitwa Bibi Naomi, na kwamba alikuwa amefika pale asubuhi, akatutazama kwa mbali, akarudi kwake kujitengeneza, na kwa miguu yake ile safari ya kwenda na kurudi ilikuwa imemchukua mchana wote.

"Binti, hujaondoka," alisema. "Namshukuru Mungu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipige moja tu. Ni ya Tabitha wangu, kaolewa Kintinku huko. Kajifungua mtoto wa kwanza, na mimi miguu yangu haifiki. Nataka yule mtoto anijue sura."

Mwanangu, palikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Mkanda umeisha. Hayana ugumu wowote. Lakini nusu ya wale watu walikuwa wameniona juu ya jiwe na miwani ya kuazima, na nilijua wakisikia mkanda umeisha watajua umeishia wapi. Nikaona aibu. Nikamwonea huruma pia, huo ni ukweli, maana alikuwa ameshaketi kwenye kigoda na anaziweka sawa kanga zake. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo na mkanda mpya, nitasema ile ya kwanza haikutoka vizuri, nitampiga upya, na hakuna atakayeumia.

Nikainua kamera. Nikavuta kishikio. Nikabonyeza.

Kamera tupu inalia sawasawa na iliyojaa. Mimi nilisikia tofauti kidogo, kitu chepesi humo ndani, lakini nani mwingine angejua? "Tayari?" aliuliza. "Tayari bibi," nikamjibu, na macho yangu yalikuwa kwa dereva wa basi aliyekuwa anapiga honi. Bibi Naomi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamtuma jirani yake alete kuku. Tetea mzuri, wa rangi ya udongo, kafungwa miguu kwa kamba ya katani. Nilikataa mara moja kama adabu inavyotaka, kisha nikampokea. Kuku yule tulimla Jumapili, mjomba akasifu mchuzi.

Sikurudi wiki iliyofuata. Wiki ikawa mbili, mbili zikawa mwezi. Mvua zilinyesha, kweli, na korongo likakata barabara siku kadhaa. Lakini siku ambazo barabara ilipitika zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo haikupitika, na sitaki kuisingizia mvua. Nilianza kusahau. Mtu aliyetendewa hasahau, anayetenda anasahau upesi sana.

Mwezi wa tatu tangu harusi ile ulipokuwa unaisha, asubuhi moja aliingia studio mwanamke kijana, mtoto mgongoni, kanga moja kafunga kichwani kama watu watokao msibani. Akatusalimu. Akasema yeye ni Tabitha, mtoto wa Naomi wa Nduguti. Mama yake amefariki, wamezika, naye yuko njiani kurudi kwake Kintinku. Akasema kabla hajafa mama alikuwa akimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba alishapigwa picha, na msichana wa studio ya Singida, na picha itakuja.

"Nimeifuata," alisema. "Sina picha yake nyingine. Hakuwahi kupigwa."

Mjomba Hamisi alikuwa mezani kwake, kainamia picha anazifuta madoa kwa brashi. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta. Na mwanangu, hapo pia palikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikaiacha ikapita kama ile ya kwanza. Nikamwambia pole sana dada, ule mkanda uliingia mwanga, ukaungua, picha ya mama haikutoka.

Hakulia. Akamsogeza mtoto mgongoni, akafikiri. Kisha akasema, "Basi nipe hiyo hiyo iliyoungua."

"Haina kitu, dada. Ni nyeusi tu."

"Najua. Lakini mama alikaa mbele yake. Nitaiweka."

Ningefanya nini? Hakuna picha iliyoungua. Hakuna picha kabisa. Chini ya kaunta palikuwa na kasha la takataka za chumba cha giza. Nikainama, nikachomoa kipande cha mkanda cheusi tii, sijui cha nani, nikakikata kwa mkasi pande mbili kikawa kizuri, nikamkabidhi. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakifunga kwenye ncha ya kanga, fundo mara mbili, akaniombea baraka kwa Mungu, akaondoka kuwahi gari.

Mjomba aliweka brashi yake chini. Alingoja mlango utulie.

"Mwajuma, mkanda wa Nduguti niliusafisha mimi," alisema. "Haukuungua hata picha moja. Na zile mbili za mwisho niliziona. Nikanyamaza, nikasema msichana kajipenda, si dhambi. Kumbe palikuwa na mtu."

Nilianza kulia. Yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya upole, na afadhali angenipiga.

"Umempa yule binti takataka. Atakwenda kuitunza pamoja na vitu vya mama yake. Siku moja atamwonyesha mtoto wake, atamwambia huyu ni bibi yako. Kamera hutaishika mpaka umemfuata Kintinku."

Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri. Nilipanda gari mpaka Manyoni, na kutoka Manyoni nikapanda treni. Kintinku ni Ugogoni, mimi Mnyaturu wa Ilongero sikujua mtu wala njia, nikawa nauliza kwa Kiswahili nyumba ya Tabitha aliyetoka Nduguti, kwa Wanyiramba. Nilimkuta uani anapepeta uwele. Aliponiona alidhani nimemletea habari njema. Alitabasamu, mwanangu. Aliacha ungo akanijia haraka akisema, "Imeonekana?"

Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama, na vumbi la njia miguuni. Jiwe, miwani, kamera tupu, kasha la takataka. Sikuacha kitu. Kile kipande kilikuwa ndani ya Biblia yake. Aliingia akakitoa, akanirudishia kiganjani, akaketi chini.

Nilingoja anitukane. Badala yake aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo njia nzima.

"Haya. Kamera ilikuwa tupu. Na macho yako je? Wewe ulikuwa wa mwisho kumwona akiwa amependeza. Niambie alikuwaje."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia kanga zilikuwa mpya. Nikamwambia kigoda, na kuku. Nikatafuta uso wa mama yake kichwani mwangu, nikatafuta tena, sikuupata. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, nimemwelekezea lenzi nzuri kuliko zote Singida mjini, na sikuwa nimemtazama. Nilijua hakuna mkanda, basi kwa nini nijisumbue kuzungusha pete? Nilitazama basi.

"Sikumtazama," nikasema.

Hapo ndipo Tabitha alipolia. Alilia kwa sauti, na akaniambia maneno makali ambayo sitayarudia kwa sababu ni yake na yalinistahili. Mtoto akaamka ndani, akaenda kumnyonyesha. Mimi nikabaki uani, sijui niondoke au nikae. Baadaye alitoka na kibuyu cha uji, akanipa, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mimi. Akaketi. Na bila kunitazama akaanza kunieleza mama yake.

Aliniambia mama alikuwa na mwanya, na alikuwa akicheka kwanza ndipo anaongea, hata habari ya huzuni. Kwamba nyusi ya kushoto ilikatwa na jembe tangu usichana, ikaota upya nusu. Kwamba akisikiliza mtu alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja, na akikasirika alinyanyua kidevu. Aliongea mchana wote, uwele umekaa kwenye ungo. Mimi nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza chochote. Bibi Naomi nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile, kutoka mdomoni mwa mwanawe, naye yuko kaburini.

Tuliagana bila kusameheana kwa maneno. Mwezi uliofuata nilirudi na kamera, safari hii imejaa, nikampiga Tabitha na mtoto wake uani pale pale. Nilizungusha pete mpaka nikamwona kweli, ndipo nikabonyeza. Ni picha nzuri, na tukawa marafiki mpaka leo. Lakini mtoto yule sasa ni mama mtu mzima, na huwa anakuja kunisalimu. Akiniuliza bibi yake alifananaje, sina cha kumwonyesha. Namweleza mwanya, namweleza nyusi, namweleza kichwa kilichoinama, na ninamwona anavyojaribu kuviunganisha na haviungani.

Basi nakuusia, mwanangu, wewe unayekuja kwangu na kamera ya chuma shingoni. Ukiwa huna mkanda, sema huna. Atakayesikitika atasikitika siku moja, atakwenda kwa mwingine, au atakungoja. Usimbonyezee mtu kamera tupu hata kama ni mtoto msumbufu wa njiani, hata kama ni kwa mzaha, kwa sababu yeye ameketi kweli. Na ukishadanganya, rudi siku ile ile. Usingoje barabara ikauke.

La pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Ninyi mnazipenda hizi kamera, na mna haki ya kuzipenda. Mnajua jina la kila lenzi, mnajua ipi inalainisha kilicho nyuma ya mtu na ipi inakata kama wembe. Nami nazipenda mpaka kesho. Ila kabla hujaitia jichoni, mtazame mtu kwa macho yako makavu, umtazame mpaka uweze kumweleza kwa kipofu: nyusi zake, mikono anaiweka wapi, anacheka kabla au baada. Ukishamwona hivyo, kamera itakufuata. Mkanda unaweza kuungua kweli, posta inaweza kuupoteza, panya anaweza kuutafuna. Ulichokiona kitabaki kwako, na mwenye kumpenda mtu huyo akija kukuuliza utakuwa na cha kumpa.

Na zile mbili za mwisho ziache zibaki. Mimi tangu Kintinku sijazitumia kwa ajili yangu, na sijawahi kurudi nazo nyumbani. Kila mara alitokea mtu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulindie macho yako mpaka uzeeni, akupe mikono iliyotulia na ulimi usioogopa kusema sina. Na kila atakayeketi mbele yako, awe wa kwanza au aliyechelewa, ainuke pale akiwa ameonekana.